Rekodi ya Sevisi

Mkanda wenyewe, asema Fundi Nyanje, si ghali.
Mpira tu wenye meno, ungeweza kuuvaa kama mshipi.
Ghali ni njia ya kuufikia.

Injini inaning'inia kwenye mnyororo
katikati ya gereji ya Shimanzi,
silinda kumi na mbili, mbavu wazi,
kama mbuzi wa Idi aliyekwisha chunwa,
na chini yake beseni langu la bluu
nililodhani liliibwa harusini kwa Mwanatumu,
limejaa oili nyeusi.

Naomba karatasi. Ananipa.
Mikanda miwili na beringi zake.
Pampu ya maji. Plagi kumi na mbili.
Gasketi kutoka Italia, kwa ndege,
kisha ushuru, kisha ushuru wa ushuru.
Kupima nafasi za valvu, moja moja,
kwa kibati chembamba kuliko ukucha.
Saa za kazi: themanini na mbili.
Jumla, milioni moja, laki nane na sitini elfu,
"na hapo, Bibi, sijagusa klachi."

Nacheka. Mwezi wa kwanza nje ya eda, nacheka.
Twahir aliniambia elfu kumi na mbili.
Miaka thelathini na moja, elfu kumi na mbili,
akisugua mikono kwa Omo na sukari.
Unga ulipanda, mafuta yalipanda,
shilingi ikaanguka, ikainuka, ikaanguka,
sevisi yake tu haikuzeeka.

Mnunuzi yuko Nyali.
Ana kiyoyozi hata kwenye banda la magari.
Likiwa na sevisi kubwa, kasema, nalichukua kesho.
Bila hiyo, nusu bei.
Na anataka rekodi, tangu siku ya kwanza.

Fundi achomoa daftari nyuma ya kompresa,
limevalishwa gazeti, hati ya penseli:
"Ijumaa. Pilau sahani mbili, toa mia tatu.
Ijumaa. Biriani, toa mia nne. Kachumbari nyingi."
Nami nilidhani natoa sadaka.
Kumbe nalipia valvu, iliki kwa iliki.

Nafunua nyuma zaidi. Tisini na sita, Agosti:
"Mikanda yote. Kalipa bangili mbili, dhahabu, nzito."

Nyanje ameacha kupangusa mikono.

Bangili zile nilikwisha kuzipa mwizi.
Jina lake Kadzo, miaka kumi na sita,
akifagia kwangu Kibokoni.
Nilimwaga sanduku lake mlangoni:
kanga mbili, kitana, picha ya mamake.
Sikuona kitu, nikamtishia halbadiri.
Twahir alisimama ngazini
akinusa vidole vyake.
Jioni akatoka kuliendesha.
Nililisikia mpaka Mama Ngina,
likiimba, limepata mikanda mipya,
nami nikasema moyoni, maskini,
mume wangu anatuliza hasira.

"Ukurasa huu," asema fundi, "naweza kuuchana.
Mnunuzi hatajua."

Usiuchane.
Alinunua farasi wa kwenye usukani,
anunue na alichokula.

Natia sahihi chini ya milioni.
Kalamu inateleza, karatasi ina grisi.
Nje lori za bandarini zinapiga honi,
mtu anauza kahawa, vikombe vinagongana.

Fundi Nyanje, wewe ni mtu wa Kaloleni.
Ninalo neno moja la kupeleka huko, fupi,
halitozwi ushuru, halina uzito wowote.
Niandikie hapo chini, kwa penseli yako:
saa ngapi za kazi, kumfikia?