Masharubu ya Penseli

Jumapili, kabla jua halijapasha mawe ya Tristán Narvaja,
nimeshapiga magoti mbele ya masanduku ya Baldomero.
Huniuzia majarida kama auzaye samaki:
"Fungua shavu, tazama jicho, huyu bado mbichi!"
Mbichi, wa mwaka thelathini na sita,
pini zimeota kutu, uti umeachana na nyama.

Siyasomi. Nisikudanganye.
Hotuba za mawaziri, dawa ya ini, bei ya sufu,
hayo nimewaachia nondo.
Mimi nataka jalada: mwanamke wa kofia ya kijani
anashuka kwenye tramu, mguu mmoja hewani
miaka themanini na ushei, hajakanyaga bado.
Mchoraji hakutia jina. Alitia mdudu,
kila wiki mahali pengine, kwenye kola, kwenye kikombe,
nami na miwani yangu humsaka
kama mama asakaye chawa.

Wenzangu, akina Iturralde,
wanapenda jalada safi, lisilo kovu wala lebo.
Nami nilikuwa hivyo.
Bibi wa tramu nilimpata na masharubu ya penseli,
nikapunguziwa nusu bei,
nikaenda nyumbani na kifutio cheupe
na subira ya daktari wa meno,
nikamnyoa mpaka akang'aa.
Nikajisifu. Nikamnyoa wa pili. Na wa tatu.

Hadi lile la Agosti, la mvua na miavuli.
Lebo: Hortensia Larralde, mtaa wa Yaro, mlango wa nyuma.
Jina si geni. Nikaenda kwenye rafu.
Hortensia. Hortensia. Tena Hortensia.
Kumbe miaka kumi na moja, Jumapili kwa Jumapili,
nilikuwa naikusanya nyumba moja bila kujua,
na ndani ya nyumba ile mna mtoto na penseli.

Masharubu ya Agosti si mzaha tena.
Yana kivuli. Yanafuata mdomo.
Na pembeni, juu ya bei, penye nafasi ya kidole gumba,
uso uleule umechorwa upya, mdogo,
na mdudu.
Mdudu wake mwenyewe, wa miguu saba.

Baada ya hapo kuponi zimekatwa, lebo ni ileile,
penseli hakuna.
Nilimuuliza Baldomero masanduku yalitoka wapi.
"Kwa waliokufa," akasema, akafunga kamba.

Usiku huinamisha taa mpaka iguse meza,
mwanga utambae ubavuni mwa karatasi.
Ndipo huonekana: mitaro miwili chini ya pua,
uzito wa mkono uliokuwa ukijifunza.
Risasi niliifuta; mtaro umekataa.
Hupitisha ukucha humo, polepole,
kushoto, kisha kulia,
na bibi wa kofia ya kijani
mguu wake ungali hewani.