Gia Huchaguliwa Kwanza

Shangazi yangu Enid alishona viti
katika karakana ya mabodi, Birmingham,
mwaka arobaini na sita, madirisha mengine
bado yamezibwa mbao mahali pa vioo.
Kabla ya hapo alishona miavuli
ya watu wa kurukia kutoka angani.
Mkono ni uleule, alisema,
ila ngozi ya ng'ombe haina huruma kwa kidole.

Vita vilipokwisha, wakubwa waliishiwa majina.
Wakayateremsha yaliyokuwa angani
wakayabandika kwenye magari:
Hurricane, kimbunga chenye paa la turubai la kukunja;
Typhoon, tufani ya milango miwili, ya vijana wenye urithi;
na Lancaster, milango minne, pana, zito,
gari la daktari, la mwanasheria,
la mwenye kiwanda cha vifungo.
Juu ya pua ya kila moja, sfinksi wa chuma amejikunyata
kama anayejua jibu na hataki kulitoa.

Kaka yake, Cyril, alipanda Lancaster ile nyingine,
akakaa mkiani, nyuma ya bunduki,
mgongo kwa wenzake.
Hakurudi kutoka Essen.
Kwa hiyo kila asubuhi msimamizi, Bwana Tranter,
alipotangaza, "Enid, leo tuna Lancaster sita,"
alipitisha uzi kwenye nta polepole
kuliko ilivyohitajika.

Ndipo akaanza hila yake.
Chini ya kiti cha nyuma, upande wa kushoto,
pasipofika jicho la mkaguzi wala la mnunuzi,
alipiga mshono mmoja wa uzi mwekundu.
Mmoja tu. Si jina, si msalaba.
"Nilikuwa namwekea mahali pa kukaa," aliniambia,
kisha akaniuliza kama chai yangu imepoa.

Magari yakaenda bandarini. Nchi ilikuwa na madeni,
na kizuri chake kiliendeshwa na wengine,
Melbourne huko, Wellington huko.
Mshonaji alirudi nyumbani kwa baiskeli, mvua ikimchapa,
petroli kwa kadi, nyama kwa kadi.
Mchimba kisima hakatazwi maji, wanasema wahenga.
Wahenga hao hawakufika Birmingham.

Jumapili moja, ana miaka themanini na mitatu,
nilimpeleka kwenye maonyesho, uwanja wa kriketi, Warwickshire.
Safu za magari juu ya majani mabichi,
wazee wamepiga magoti wakisugua kromu kwa soksi kuukuu.
Akapita Hurricane bila kugeuka.
Akasimama mbele ya Lancaster jeusi
la mtu mmoja aitwaye Pridmore,
akaomba kiti cha nyuma kiinuliwe.

Pridmore akafurahi kama aliyeulizwa habari za wajukuu.
"Ngozi mpya kabisa, mama! Nimebadilisha yote, hadi sponji.
Imenigharimu kuliko harusi ya binti yangu."
Shangazi akapapasa. Chini, kushoto.
Akapapasa tena.
Nilitafuta neno la kumpa, sikulipata.
"Kazi safi," akasema hatimaye.
"Lakini mishono yake mirefu mno."

Labda ni aibu, labda ni ukarimu,
Pridmore akamfungulia mlango wa dereva.

Gari hili lina tabia yake.
Kijiti kidogo kando ya usukani huchagua gia mapema,
hata kilima kikiwa bado mbali,
na gari halifanyi kitu. Linangoja.
Mpaka mguu wa kushoto ukanyage pedali
ndipo uamuzi wako wa zamani unapoingia.

Nilimwekea koti langu mgongoni, miguu ifike.
Alisogeza kijiti hadi gia ya kwanza.
Injini ikaendelea kunong'ona, majani yakitetemeka chini yake,
Pridmore akishika kofia kwa mikono miwili.
Akabaki hivyo dakika nzima, kidevu juu,
mtu aliyechagua tangu arobaini na sita.

Kisha akakanyaga.