Karani, Tafuta Tena

Karani, tafuta tena,
si namba, nasema jina:
Ruhaga, wa Gwasa mwana,
Mha toka milimani.

Wasema hupati kitu,
kitabu hakina watu,
tarakimu tupu tatu
zimekaa mstarini.

Nimefika toka Tanga,
viatu tele mchanga,
khanga mbili nimefunga,
sitatoka humu ndani.

Kwanza kijana, sikiza:
kitabu umekikaza
kwa kamba; mimi nawaza
ilianza nchi gani.

Walitaka pilipili
na njia isiyo ghali;
wafalme hawana mali
na deni liko shingoni.

Na meli si ya maneno,
yataka kamba, na vuno
la katani; nazo mno
hukatika safarini.

Hapa ndipo pana tabu
nikipanga taratibu:
walikuja, na sababu
ni waje tena mwakani?

Mmoja kaja na dira,
mwingine shanga, bendera,
mwingine kachora bara
pasi kutoka hemani.

Wadigo wakagawiwa,
shangazi ng'ambo katiwa,
mpwawe hakuambiwa
kwamba sasa ni mgeni.

Wakashusha karatasi;
jumbe hakusoma, basi,
alama moja, upesi,
bonde zima mfukoni.

Na mkonge si wa hapa,
nao ulivuka papa,
sandukuni, una chapa,
umekauka majani.

Mingi ilijifilia;
michache ikabakia,
Korogwe ikafikia,
mistari kama jeshini.

Wabondei wakagoma,
wana muhogo na nyama;
serikali ikasema:
"Kodi, kila mlangoni."

Kodi ikafika Buha;
shilingi haina staha.
Akatoka, si kwa raha,
na kibuyu mkononi.

Kwa miguu, kisha reli,
wakafika mia mbili,
ukavishwa kila mwili
bati la namba shingoni.

Na kipande kina vyumba
thelathini; ukiyumba,
msimamizi hugomba:
"Homa si kazi shambani!"

Mwiba ukamtoboa
jicho; bwana kakohoa:
"La pili litaokoa
kazi," kenda barazani.

Treni ilipoingia
si watu walopandia:
robota hutangulia,
mtu hubaki stesheni.

Uzi ukavuka maji,
ukasukwa kila mji,
ukarudi kwa mlaji
ghali, rafuni dukani.

Babu kanunua mita
mbili, mbuzi kumvuta.
Kamba aliyoikata
kailipia thumuni.

Kisha ikaja plastiki,
mkonge hautakiki,
mashine haziwashiki,
popo wamo kiwandani.

Sisemi yote ni shari.
Kambini alihiari
Mbena mmoja mzuri
kwenye foleni bombani.

Lugha zao zikalala;
Kiswahili, kama ndala,
kikavaliwa pa kula,
pa kupenda, na msibani.

Hata bibi akimwita
kwa jina, babu hupita;
namba ndiyo humvuta,
akaitika ndotoni.

Nami nikiota ndoto
naota kwa hiki; mtoto
wa nambari na wa joto
la kambi, wa lugha gani?

Haya, naona wachoka,
feni yako yazunguka.
Chukua namba, andika,
ninayo humu pindoni:

mia nne kumi na moja.
Kidole chashuka, chaja,
kinasita, kinangoja,
wino mwekundu pembeni:

"Hayupo." Chumba cha mwisho
kitupu. Hakuna posho.
Basi? Ndiyo hitimisho?
Alikufa siku gani?

Nipe kalamu, kijana.
Kilichoachwa na bwana
kitupu, leo kwa jina
nakijaza hadharani.

Kisha kifunge kitabu
kwa hiyo kamba ya babu,
polepole, kwa adabu:
mna jicho lake ndani.