Kile cha Pembeni

Raimo ana amplifaya kumi na moja
kwenye chumba cha chini, Tampere,
dirisha limezibwa na theluji.
Jumapili huzipangusa moja moja
kama anayeogesha watoto wa watu.

Hii nyeusi, ndefu, ilitugharimu gari.
Ile ya kijani ilitoka kanisani huko Oulu,
bado inanuka nta.
Ya tatu haijawahi kuwashwa. Usiulize.

Wageni huonyeshwa zinazong'aa.
Mimi mkewe najua anakokesha:
pembeni, mbele ya kisanduku cha wati tano,
kitambaa kimechanika,
kitufe cha sauti kiling'oka zamani,
mahali pake pana kizibo cha chupa.

Anakiwasha, anangoja.
Valvu mbili zinaiva polepole kama machungwa,
halafu ule mvumo, kabla ya noti yoyote.

Friji ya mama, ananiambia.
Mama alikuwa zamu ya usiku, kiwanda cha karatasi,
naye, miaka sita, alihamishia godoro jikoni
kwa kuwa huko kulikuwa na kitu kinachovuma.

Jana hakupiga chochote.
Alilipakata gitaa tu.
Nikavaa soksi zake za sufu, nikashuka,
nikakaa.