Kimoja cha Mfukoni

Vilikuwa tisa, ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Kila Jumapili baada ya ibada navimwaga mkekani,
navipangusa kwa mafuta ya cherehani, navirudisha.
Sechelela akipita na ndoo ananiuliza:
"Umechinja nini leo?"

Sijachinja kitu.
Nilikuwa na kile chekundu, vikorokoro kumi na vinne,
kina mkasi, kina msumeno, kina kijiti cha meno;
ukikifungua chote ni nungunungu aliyekasirika.
Nilikuwa na cha mpini wa pembe, nilichouziwa Kibaigwa
na dalali wa mahindi aliyeishiwa nauli,
kizuri mno, sikuthubutu kukikatia kitunguu.
Kimoja kilifyatuka chenyewe, tiki!
kama kinachotafuta ugomvi.
Kimoja aliniachia padri wa misheni siku anarudi kwao,
butu tangu siku hiyo. Sikukinoa. Nilikitunza kama picha.
Vingine hata sivikumbuki vizuri.

Tulipohamia Veyula, nyumba bado haina plasta,
mahali pa kopo hapakuonekana.
"Chagua," akasema mke wangu.
Neno jepesi kinywani mwa asiye na visu.

Nikajaribu. Wiki moja moja, mfukoni.
Chekundu kilitoboa mfuko, sarafu zikamwagika njiani.
Cha pembe nilikipapasa kila hatua mbili
kama mtu aliyebeba hela za watu.
Cha kufyatuka kilimliza mjukuu wangu, Nyemo.
Wiki ya sita, au ya saba, nikatia kile cha chini kabisa:
mhunzi wa Kondoa alikifua kwa springi ya lori,
mpini wa mpingo, ufa wake umefungwa mpira wa baiskeli,
ubapa mmoja, urefu wa kidole cha kati,
hakina chapa, hakina jina.

Wiki hiyo sikufikiria visu.
Kilikata kamba ya katani kwenye gunia la uwele.
Kilipunguza matawi ya mizabibu mitano ya jirani yangu Yolamu.
Kilichokonoa mwiba wa mgunga katika unyayo wa Nyemo,
naye akilia kabla hakijamgusa.
Kilifungua dawa ya kuku, kikagawa kiazi,
kikachonga penseli ya fundi, kikanyamaza.
Jumamosi nikajikuta nakifuta kwenye suruali
kama mtu anavyofuta mikono yake mwenyewe.

Wamesema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Hawakusema mwenye visu tisa hula nini.
Nadhani hula Jumapili zake.

Nikavigawa.
Chekundu alikichukua Yolamu, anakatia kucha.
Cha pembe nilikiuza, na saruji mifuko mitatu ikaja.
Cha padri kilinishinda kukitoa.
Kipo kwenye droo, chini ya stakabadhi za maji.
Sechelela anajua. Hasemi.

Mwezi uliopita nilikwenda Mtumba kufuatilia mafao,
katika upepo ule wa Julai unaopasua midomo.
Getini binti mlinzi akasema, "Mzee, toa vyote vya mfukoni."
Nikaweka kwenye beseni: funguo, miwani, kisu.
"Hiki cha nini?"
"Cha kazi."
"Kazi gani?"
Nikawaza kamba, mwiba, kiazi.
Foleni nyuma yangu ikakohoa.
"Zinazotokea," nikasema.

Nilitoka saa kumi, faili langu bado halijaonekana.
Umeme umekatika, kibanda giza,
beseni limejaa vyuma vya watu wengine.
"Chako kipi, mzee?" akauliza, akitafuta tochi ya simu.
Mkono wangu ulikuwa umeshaingia.
Mpira wa baiskeli ukakutana na kidole gumba.

Nikakirudisha mfuko wa kulia,
pale ambapo suruali zangu zote zimepauka
kwa urefu wa kidole cha kati.