Achia Mkono

Miaka ishirini na mmoja nimepima kahawa
katika ghala la ushirika, juu ya Sipi,
na neno nililolitamka kuliko yote,
kuliko hata jina la mke wangu,
ni hili: achia mkono.

Gunia linaning'inia kwenye ndoano,
mshale unatetemeka,
na mwenye gunia hathubutu kuliacha.
Mama Cheptoyek hulikandamiza kwa kiganja, kidogo tu,
kama anayembembeleza mtoto alale.
Satya huliinua kwa chini, akihofia kamba,
na kila msimu hujipunja kilo mbili.
Mjanja na mwoga huwaambia neno moja.
Gunia lililoshikwa halina uzito wake.

Novemba ile, ukungu umelala mlangoni kama mbwa,
Yeko alianguka kwenye mtaro wa kuoshea buni.
Tukashuka Mbale kwa pikapu ya ushirika,
yeye juu ya magunia matupu,
mimi nimemshika kifundo cha mguu
kona baada ya kona,
nikisali Baba Yetu hadi maneno yakabaki makapi.

Mapenzi yako yatimizwe, nikasema, lakini.
Lakini ana miaka arobaini na minne.
Lakini Chemutai hajamaliza darasa la saba.
Lakini deni la mabati.
Lakini, Bwana, wajua siwezi kuchemsha hata viazi.
Nilimkabidhi Mungu gunia langu
nikabaki nimelishikilia kwa chini.

Kitanda cha magurudumu kilifika mlango wa upasuaji,
gurudumu moja likilia.
Nesi, binti mdogo, matope ya asubuhi bado viatuni,
alivitazama vidole vyangu juu ya chuma.
"Mzee," akasema, wala si kwa ukali,
"achia mkono."

Nilicheka.
Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti
mbele ya watu waliokuwa wakilia.
Kisha nikaachia, kidole kimoja kimoja,
maana vilikuwa vimekufa ganzi.

Nikakaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani.
Ndani: kitana, risiti ya sabuni,
punje tatu za buni
alizoziweka kwa sababu aijuayo mwenyewe.
Nikamfikiria Yule wa bustanini,
usiku, wenzake wamesinzia.
Naye alikuwa na lakini yake, wala hakuificha.
Alitaja kwanza alichokitaka,
ndipo akaivuka ile lakini
kama mtu anayevuka kijito, akaenda kwa Babaye.
Mimi yangu nilikuwa naiweka mwisho wa sala,
kiganja cha Mama Cheptoyek.

Sikupata amani.
Wahubiri husema huja kama maji ya baridi.
Kwangu ulikuja usingizi tu, mdomo wazi,
kichwa begani mwa mzee wa Bukedea
ambaye mpaka leo silijui jina lake,
na ambaye hakusogea.

Sitasema mlango ulipofunguka niliambiwa nini.
Wanaoniuliza wanataka jibu hilo
ili wapime kama nilifanya vema kuachia.
Hawajui kwamba niliachia kabla ya jibu,
na kwamba kuachia baada ya jibu
hata jiwe linaweza.

Jana Satya alileta gunia lake la mwisho wa msimu.
Mvua inapiga bati, hatusikilizani vizuri.
Mikono yake chini, kama kawaida.
Nikafungua kinywa kulisema lile neno
na kwa mara ya kwanza likanikwama.
Akaniona. Akauliza, taratibu,
swali ambalo kumbe alikuwa nalo miaka yote:
"Na kamba ikikatika?"

"Ikikatika," nikamwambia,
"sakafu nayo ni ya Mwenye ghala."

Akakaa kimya akiifikiria sakafu.
Akatoa mkono wa kushoto.
Kisha wa kulia.
Mshale ukatetemeka, ukatetemeka.