Daftari la Haima

Safu ya kwanza: saa. Ya pili: mnyama.
Ya tatu, pana kuliko zote: tabia.

Zizini tulihesabu choroa ishirini na wawili,
kila mmoja na hereni ya plastiki, ya manjano.
Namba kumi na tisa alikuwa akifuata seng'enge,
akifika kona anageuka, akifika kona anageuka,
hata ardhi imekubali, imekuwa mfereji.
Nikapiga magoti, nikachomeka rula:
sentimita kumi na moja.
"Unapima mnyama au barabara?" Muhsin akacheka.
Daktari Raya hakucheka.

Kesho yake tukaingia jangwani na Musallim,
mlinzi asiyetaka ramani, ila kahawa.
Saa moja: hakuna.
Saa tatu: hakuna.
Saa tano, mjusi mmoja mwenye mkia wa miiba
akatutazama kama watoza kodi, akazama shimoni.
Nilitamani kuurarua ukurasa.
"Hakuna nayo ni jibu," alisema Daktari. "Iandike kwa wino."

Asubuhi ya kuondoka ukungu umelowesha mahema,
viatu vyetu, hata mkate.
Musallim akaninyooshea kidole, bila neno.
Kwato. Zimetoka kusini, zimekuja hadi kichwani pangu,
pale nilipolala nikikoroma na daftari kifuani,
zikasimama (hapo zimedidimia kidogo),
kisha zikaenda zake.

Rula ilinigomea: nusu sentimita, pengine pungufu.
Nikaandika: saa, haijulikani. Mnyama, choroa.
Tabia: alitutazama.

Tulizifuata mpaka changarawe zikazimeza.
Sikuona kona.